Mwangalizi wa Ghorofa ya Sita

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kuliko pini zote ulizowahi kupoteza chini ya cherehani yako. Natumaini zinakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wa Mama umepata nafuu kwa kuwa siku hizi hakuna pa kwenda. Wanangu wawili wabane mashavu kwa niaba yangu, ila yule mdogo umbane taratibu, maana yeye hulipiza. Kuhusu hali yangu nitakueleza kwa utaratibu, na tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho. Nakujua, hata nguo unayoshona huanza kuitazama pindo.

Barua yako niliipata wiki iliyopita ndani ya mfuko wa mashuka masafi. Mfagizi wa ghorofa hii, yule anayekaa mtaa wa nyuma yako, ndiye aliyeileta, na huyohuyo ndiye atakayekuletea hii. Simu ningepiga, lakini simu zetu sisi waangalizi zilikusanywa mapokezi tangu mmoja wetu apige picha za wagonjwa waliolala uani zikasambaa. Wagonjwa wa ghorofa hii wanazo zao. Sisi tumeambiwa tutazikuta tukitoka.

Uliandika kwamba nina bahati ya mtende. Ukasema katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyemo ndani ya hospitali, nakula kwa wakati, madaktari wako mlangoni, wakati ninyi huko mtu akipiga chafya mnaangaliana kama wezi. Kisha ukaniuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa ndani, je, mmoja wenu akiugua nitaweza kumsemea apate kitanda? Nimechelewa kukujibu, na si kwa dharau. Jibu lake ndilo barua hii yote.

Tuliingia Jumamosi, leo ni Jumatano, siku ya kumi na tisa. Bibi alikuwa amekohoa siku nne. Unamjua, ni mwajiri asiyetaka kuitwa Mama na mtu asiyemzaa, hata baada ya kumpikia na kumfulia miaka kumi na moja. Asubuhi ile alianza kunigombeza kuhusu vikombe, akashindwa kumaliza, akashika ukuta. Ndipo nikajua ni mgonjwa kweli, kwa sababu sijawahi kumwona akiacha ugomvi katikati. Mwanawe akaja na gari, tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani kwangu.

Hospitali ina mageti mawili, unayajua. La mbele ndilo la foleni. La pembeni ni la magari, na sisi tulipita la pembeni. Mwanawe hakupiga hata honi, mlinzi alifungua kwa kuitambua gari. Nilipogeuka niliona foleni imezunguka ukuta mpaka kona ya duka la vioo, watu wamekalia ndoo na mikeka, kila mmoja ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa namba. Mwanamke mmoja alikuwa amemwegemeza mumewe kwenye toroli la kubebea saruji. Niliinamisha kichwa nikajifanya namfuta Bibi jasho, nisije nikakutana macho na mtu wa mtaani kwetu.

Juu, kwenye lifti, wakanipa karatasi nitie sahihi. Ghorofa ya sita kila mgonjwa huingia na mtu wake, kwa sababu manesi ni wachache na nao wanaogopa, haki yao. Huyo mtu huitwa mwangalizi. Karatasi ilisema mwangalizi ataingia na mgonjwa na atatoka na mgonjwa, si kabla, ili asibebe ugonjwa kwenda nao mitaani. Nilitia sahihi nikiwa nimemshika Bibi kwa mkono mwingine. Mwanawe alinishukuru, akasema nyumbani hakuna mwingine anayejua mama yake anapenda mto upande gani. Hilo ni kweli. Akateremka na lifti ileile.

Chumba chetu kina hatua tisa kwa sita, nimezipima mara nyingi kuliko ulivyopima kiuno cha yule bibi harusi asiyekoma kunenepa. Kuna kitanda cha Bibi kinachopanda na kushuka kwa kitufe, kiti cha kukunjua ambacho ndicho kitanda changu, choo, na dirisha lililopigwa skrubu. Ukutani kuna matundu mawili ya hewa ya oksijeni. Moja lina kifaa na mrija wa Bibi, la pili limezibwa kwa kifuniko cha bluu. Mlango una kioo, na kitasa kiko upande wa nje tu. Chakula na dawa huwekwa kwenye stuli nje, nesi anafungua, anarudi nyuma hatua mbili, mimi natoa mkono na kuchukua.

Kazi yote ya humu ni yangu. Kumwogesha, kumlisha, kumgeuza, kumwaga vya kumwagwa. Na kupima. Kuna kidude kama kibanio cha nguo, unambana nacho mgonjwa kidoleni, kinaonyesha namba ya hewa iliyomo kwenye damu. Ya mtu mzima wa afya ni tisini na tano kwenda juu. Ikishuka chini ya tisini, watu wanaanza kukunja uso. Kila baada ya saa mbili napima, naandika kwenye karatasi, naibandika kwenye kioo, na nesi anainakili akiwa nje. Daktari naye husimama hapohapo kwenye kioo. Nesi huingia mara moja tu kwa siku, saa nne asubuhi, amejifunga manailoni mwili mzima na miwani imejaa mvuke, anamchoma Bibi sindano ya tumboni na kutoka mbio. Ni dada mwema, tunamwita Sista Miwani. Lakini yeye na daktari hutazama karatasi, hawatazami mtu.

Siku tano za kwanza Bibi alikuwa na hali mbaya, sikufichi. Namba yake ilifika themanini na moja. Nilimshika mkono nikamwambia hajaruhusiwa kufa kabla hajamaliza ugomvi wa vikombe. Nilimpenda siku zile, Dada, nikubalie tu. Ukimlisha mtu kwa kijiko kila siku unasahau mambo mengine.

Uani, chini ya dirisha letu, wamefunga maturubai. Huko ndiko wanakowekwa waliopita geti la mbele wakisubiri kitanda. Siku ya nne nilimwona fundi viatu, jirani yako, nilimjua kwa ile kofia yake nyekundu na mguu wake mmoja mfupi. Alikuwa amelala kwenye benchi, mkewe anampepea kwa kipande cha boksi. Nilipiga kioo kwa kiganja. Kutoka ghorofa ya sita hakuna anayesikia. Siku mbili benchi lilikuwa lake. Siku ya tatu yake alikuwa amelala mtu mwingine, na mkewe hakuwepo. Wewe utakuwa unajua alikoenda kuliko mimi. Kama ni lile ninalodhani, mpe mjane pole yangu, wala usimwambie nilikuwa namwona.

Siku ya sita ndipo nilipoamka na homa.

Sasa umeshika kifua, najua. Endelea kusoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuficha hata saa moja. Niligonga kioo, nikamwambia Sista Miwani kwamba nimepatwa, mwili unawaka na kifua kimebana. Alisikitika sana. Akaniuliza jina, akaenda, akarudi, akaniambia hana faili langu. Nikamwambia ndiyo, nalitaka. Akanieleza kwamba mafaili hufunguliwa geti la mbele tu, kwa foleni, na kwamba kwenye kompyuta ya ghorofa hii kila chumba kina nafasi ya mgonjwa mmoja, na ya chumba chetu ina Bibi. Angependa kuniandika palepale nilipo, alisema, ila hakuna mahali pa kuniweka. Nikamwambia basi nifungulie nikapange foleni. Akasema siruhusiwi kutoka, nilitia sahihi.

Nilicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Fikiria mtu anaumwa akiwa ndani ya hospitali, ghorofa nzuri kuliko zote, nesi yuko hatua mbili kutoka kwake, na njia ya kulazwa ni kutoka nje kwanza, na njia ya kutoka nje ni mgonjwa wake apone. Sista alipitisha vidonge viwili vya maumivu kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Daktari alipopita alisema kupitia kioo nijitahidi kupumzika. Nikamwuliza nani atamgeuza Bibi wakati napumzika. Akawa ameshafika chumba cha jirani.

Bibi akampigia mwanawe simu. Nilisikia kila kitu maana yeye husikiliza simu kwa spika. Mwanawe alisema pole, akasema niangaliwe, kisha akasema nivae barakoa mbili nisije nikamwambukiza mama upya. Mwenye nguvu mpishe, nikapisha. Nikavaa mbili.

Ninavyoumwa siwezi kukueleza vizuri. Si maumivu. Ni kama kupanda ngazi wakati umekaa. Naanza sentensi na hewa inaisha kabla ya neno la mwisho, ndiyo maana siku hizi nimekuwa mtu wa adabu, nasema maneno machache. Huwa naegemea ukuta kwanza ndipo nakunja shuka. Dirisha halifunguki. Nimewahi kuweka mdomo kwenye upenyo wa chini ya mlango, Dada, kama paka anayenusa jikoni, na upepo wa huko ulikuwa wa dawa ya kusafishia sakafu.

Na wakati mimi nazama, Bibi alikuwa anaibuka. Siku ya nane alikula mkate wote, akaniambia chai haina sukari. Nikampima, tisini na sita. Mrija wa puani aliuvua mwenyewe, akasema unamwasha. Na sheria ya hapa, mgonjwa akikaa tisini na tano na zaidi siku tatu mfululizo, anarudishwa nyumbani. Yeye na mtu wake.

Nyumbani kwa Bibi unapajua, ulikuja mara moja ukakaa nje. Chumba changu ni kile nyuma ya gereji, cha kuwekea makopo ya rangi, dirisha lake linatazama ukuta. Nilijiona nimelala pale, nasikia gari ikiingia na kutoka. Halafu nikatazama mrija uliokuwa umelala juu ya mto, unapuliza hewa bila mtu.

Nilichofanya baada ya hapo sijamwambia mtu mpaka leo mchana. Nakuambia wewe kwa sababu ulinibeba mgongoni kunivusha maji nilipokuwa mdogo, na kwa sababu nina jambo la kukuomba ambalo huwezi kulielewa bila hili.

Bibi aliposinzia, nilichukua kile kibanio nikakibana kwenye kidole changu. Kikasema themanini na saba. Nikaandika themanini na saba kwenye karatasi ya Bibi, nikaibandika kwenye kioo. Namba ilikuwa ya kweli, ilitoka kwenye damu ya mtu mgonjwa aliyekuwa ndani ya chumba kile. Nilijiambia hivyo. Kisha nikauvaa ule mrija.

Tangu siku ile, siku kumi na moja sasa, namba zote za kwenye kioo ni zangu. Vidonge vya Bibi nilivimeza mimi. Hewa ya Bibi nilivuta mimi, akiwa amelala, tena kwa vipande, kwa sababu kila nikisikia viatu koridoni naurudisha mrija puani kwake na kusimama kama mwangalizi. Sindano tu ndiyo sikuweza kumpokea. Kila saa nne asubuhi nesi anamchoma tumboni mwanamke aliyepona. Tumbo lake sasa lina madoa ya bluu, na mimi ndiye ninayeyapaka mafuta.

Unaweza kusema si neno, kachukua kilichokuwa kinamwagika. Hata mimi nilisema hivyo siku ya kwanza. Lakini Bibi alikuwa mwalimu mkuu, huwezi kumficha namba. Kila asubuhi aliuliza imefika ngapi, na ilinibidi nimtajie ile ya kwenye karatasi, maana mwanawe humpigia daktari na kuipata. Themanini na saba. Themanini na sita. Themanini na nne. Alinitazama akasema ajabu, mbona anajisikia mwepesi. Kisha akasema amesikia kwamba ugonjwa huu una hila, mtu hujiona mzima huku hewa imemwisha. Ni kweli, wanasema hivyo redioni. Basi akaanza kulala kimya. Akaacha kula. Akaacha hata kugombana nami, jambo lililoniogopesha kuliko homa. Akawapigia wanawe mmoja mmoja, akawagawia kabati, seti za vyombo, picha za baba yao. Binti yake wa mwisho alilia kwenye spika mpaka simu ikaisha chaji, mimi nikiwa naosha beseni.

Ijumaa iliyopita alinishika mkono, akaniambia anataka kuondoka bila deni la moyo. Akakumbusha ile wiki Baba alipofariki, alivyoninyima ruhusa kwa sababu ya wageni wake, nikafika nyumbani kaburi limeshafunikwa na wewe hukunisemesha siku mbili. Alisema hajawahi kuisahau sura niliyorudi nayo kazini. Akaniomba msamaha. Miaka saba nilikuwa nasubiri neno hilo, nilishalipangia na majibu, majibu makali. Nikamwambia yameisha, Bibi. Nilikuwa na mrija wake ndani ya mfuko wa gauni langu, maana nilikuwa nimetoka kuuvua. Nilijiona mchafu, Dada. Mpaka sasa najiona hivyo.

Nilitaka kumwambia siku hiyohiyo, na kesho yake, na keshokutwa yake. Kila nikifungua mdomo naona kile chumba cha makopo ya rangi. Nikajiambia ngoja nipate nafuu kidogo kwanza. Lakini nafuu haikuja. Hewa ya kuibaiba huku unafua na kukunja haiponyi mtu, inamshikilia tu.

Jana daktari alisimama kwenye kioo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akasema namba za mama huyu zimekuwa zikishuka licha ya dawa zote, na kwamba kimepatikana kitanda chumba cha chini, cha wagonjwa mahututi. Kesho Alhamisi saa nne atapelekwa, atalazwa kwa dawa ya usingizi na kuingizwa mrija wa kooni, mashine impumulie. Mwanawe ameshakubali. Nilishikwa na hofu, nikaandika tisini na moja kipimo cha jioni. Daktari akasema namba moja haifuti namba za siku kumi na moja. Sista Miwani alibaki nyuma, akaniambia taratibu nimwandae Bibi. Kwa umri ule, alisema, wanaoshuka kule mwezi huu hawarudi.

Basi leo mchana nilimwambia. Nilikaa kwenye sakafu, nikamweleza yote, kibanio, vidonge, mrija. Nilimwonyesha. Nikabana kidole chake, tisini na saba. Nikabana changu, themanini na mbili. Alivitazama vidole vyote viwili, akauliza, kwa hiyo yeye hafi. Nikasema hapana, Bibi, wewe umepona tangu Jumamosi ya wiki ya juzi.

Nilitegemea kofi. Nilitegemea apige kengele. Badala yake alicheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa shuka, akaagiza chai na mkate, akala vipande vinne kwa mikono miwili. Akampigia mwanawe kwamba mashine ya kupimia ilikuwa mbovu, daktari ampime mwenyewe kesho asubuhi kwa mashine nyingine, zile siku tatu za sheria wamsamehe, na waje wamchukue. Hakunitaja hata kidogo. Alipokata simu aliniambia hatamwambia mtu, siri yangu ni siri yake, na kwamba hata yeye angekuwa mimi huenda angefanya vilevile. Bibi hakunikasirikia, na ingekuwa afadhali angenikasirikia.

Nilijikaza nikamwomba jambo moja. Nilimwomba, kwa kuwa yeye anatoka, amwambie mwanawe aseme neno moja hapo mapokezi, niandikwe mimi kwenye kitanda hiki. Mwanawe hupita geti bila honi, neno lake lingetosha. Bibi alifikiri kwa dhati, nilimwona. Akapiga simu, akaweka spika. Mwanawe akasema vitanda vya ghorofa ya sita vina watu wake wanaovisubiri, wengine anawafahamu, hawezi kuwaomba kitu kama hicho kwa ajili ya mtu wa kazi. Mama atoke kwanza, alisema, mengine yataangaliwa nyumbani. Bibi akanigeukia na uso wa huruma kabisa. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, nitapumzika chumbani kwangu siku mbili tatu bila kazi, yeye atajipikia. Akasema sisi tuliozoea kazi tuna miili ya nguvu, yeye mzee amepona, sembuse mimi. Alikuwa anasema kwa wema, Dada. Huo ndio wema wake wote, na mwisho wake ni mlango wa gereji.

Nikasema asante.

Sasa jambo lenyewe ninalokuomba. Umeniuliza kama naweza kuwasemea mpate kitanda. Siwezi. Ninayehitaji kusemewa ni mimi. Kesho mgonjwa wangu akitoka na mimi natoka, karatasi inaruhusu. Gari itapita geti la pembeni kama saa sita mchana. Sitafika nyumbani kwa Bibi. Nitamwomba mwanawe anishushe kwenye kona ya duka la vioo, na asiposimama nitafungua mlango, watasimama tu.

Nataka nikishuka nikukute kwenye foleni ya geti la mbele. Mfagizi amenieleza utaratibu wake. Vipande vya boksi hugawiwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa aliyesimama pale kwa miguu yake, na ukikikosa unangoja kesho yake. Ukiwa na namba leo, uani unaingia jioni au kesho yake. Mimi kusimama tangu alfajiri siwezi tena, na siku mbili sina. Kwa hiyo nenda wewe, Dada. Nenda kabla ya hiyo saa kumi na mbili, vaa barakoa mbili, kaa mbali na watu, shika namba kwa ajili yangu. Beba stuli yako ya cherehani, si kwa ajili yako, kwa ajili yangu. Shemeji abaki na watoto na asijifanye shujaa. Nikifika, nipe kipande cha boksi, uende zako. Usinikumbatie.

Najua uliyosikia kuhusu maturubai yamekutisha, hata mimi nimeyaona, tena kwa juu, mwanzo mpaka mwisho. Lakini pale kuna mtu anayeandika majina ya wagonjwa. Nataka niandikwe.

Mlinzi atakuuliza mgonjwa wa namba hiyo yuko wapi. Mwambie yuko njiani anakuja. Usimwambie natoka ndani ya hospitali, atadhani unamchezea, akupokonye namba.

Mfagizi yuko mlangoni na mfuko wa mashuka machafu, ananihimiza. Msalimie Mama, mwambie nimepewa likizo. Msalimie shemeji, na wanangu waambie Mama Mdogo anawakumbuka kwa majina na kwa makosa yao yote. Nisamehe kwa niliyoyafanya, na kama huwezi, nisamehe baadaye, ila kesho usichelewe.

Ni mimi mdogo wako,

Kiherehere